Pikipiki iliyopaki kwa miaka: ikague, ipigie hesabu, ndipo uilipie

Muuzaji wa pikipiki iliyolala stoo ana maneno yake: ilikuwa nzima kabisa, inataka betri tu, ukisafisha kabureta inawaka. Pengine hadanganyi, anasema anavyojua. Lakini kama ingekuwa ni betri tu, angenunua betri na kuiuza kwa bei ya pikipiki inayotembea. Kwa hiyo chombo ambacho hakijawaka mbele yako kilipie bei ya chombo kibovu. Kikija kuwaka kwa kazi ndogo, faida ni yako.

Kabla ya kwenda kuiona

Swali la maana si imepaki miaka mingapi. Uliza ilisimama kwa nini. Ambayo mwenyewe alisafiri, aliugua au alinunua gari, kwa kawaida ilisimama ikiwa nzima, na ubovu wake ni wa kukaa tu. Iliyosimama kwa sababu ilizima njiani, ilikuwa inakula oili au fundi alikosa spea ina mabovu mawili: lile la awali ambalo halikutengenezwa, na lile la kukaa lililojijenga juu yake. Hii ya pili mara nyingi utaikuta imefunguliwa nusu, na nati zake ziko kwenye kopo. Usiamini kwamba kopo lina kila kitu.

Uliza pia ilihifadhiwa wapi. Ndani penye sakafu kavu ni pazuri. Nje chini ya turubai la plastiki ni pabaya kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu unyevu unaotoka ardhini unanaswa humo na kutu inafanya kazi usiku na mchana. Mwambie muuzaji asijaribu kuiwasha kabla hujafika. Petroli iliyochacha na silinda kavu zinaweza kuharibu injini ambayo ilikuwa bado inaokoleka.

Kisha ulizia spea za modeli hiyo kabla hujatoka nyumbani: pistoni na ringi, seti ya gasketi, boksi la CDI (linalotoa umeme wa cheche ya plagi), diaframu ya kabureta (utando wake wa mpira). Modeli adimu inavutia macho, ila diaframu moja iliyotoboka inaweza kuiweka chini mwaka mzima.

Beba tochi yenye mwanga mkali, spana ya plagi, bisibisi, mita ya umeme, sumaku ndogo, kitambaa cheupe, oili kidogo ya injini na bomba la sindano la 5 ml bila sindano yake. Ukiwa na kipima kompresheni, kichukue.

Karatasi kwanza

Namba ya chesisi huwa imegongwa kwenye shingo ya usukani, namba ya injini kwenye kasha la injini. Safisha kwa kitambaa, linganisha na kadi herufi kwa herufi. Mahali palipopigwa msasa, namba zisizokaa mstari mmoja au rangi nene iliyopakwa hapo tu ni sababu ya kuondoka. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama mwenyewe alifariki, wanaouza waonyeshe hati za mirathi. Ulizia kwenye mamlaka ya usajili kama ina deni, mkopo au taarifa ya wizi. Isiyo na karatasi ni mzigo wa spea, na iwe na bei ya mzigo wa spea.

Je, injini inazunguka?

Hapa ndipo bei yote inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishwe. Usipige kiki wala stata kwanza. Futa vumbi kuzunguka plagi lisije likadondokea ndani, kisha ifungue. Ncha kavu ya kahawia iliyopauka ni dalili nzuri. Ncha yenye kutu inaonyesha unyevu umeingia silinda. Ncha yenye oili nyeusi na mbichi inaonyesha injini ilikuwa inakula oili hata kabla ya kupaki, vyovyote utakavyosimuliwa.

Vuta 5 ml ya oili kwa bomba la sindano, ipulize kupitia tundu la plagi, silinda kwa silinda, usubiri dakika kumi. Muda huo tumia kurudia karatasi. Kisha simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma ulisukume mbele na nyuma taratibu. Gia ya juu ndiyo inayokurahisishia kuzungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa tairi. Gia ya kwanza itakugomea hata injini ikiwa nzima. Kama haina stendi ya kati, isukume yote ikiwa kwenye gia hiyo hiyo.

Tairi likigoma, usitangaze kwamba injini imejam. Rudisha nyutro ujaribu tena. Likigoma na hapo, tatizo ni breki iliyoshika au cheni iliyoganda, na hayo ni mambo madogo.

Injini ikikubali, izungushe polepole angalau mizunguko miwili kamili ya krenki, maana injini ya stroki nne inahitaji mizunguko miwili ili kila valvu ifunguke na kufunga mara moja. Sikiliza kwa mkono. Uzito wa sare ni wa kawaida. Kugonga kitu kigumu mahali pale pale kila mara ni valvu iliyokwama au iliyopinda, au cheni ya taimingi iliyoruka.

Ikigoma kabisa, elewa kilichotokea ndani. Injini ilizimwa huku valvu mojawapo ikiwa wazi. Hewa yenye unyevu ikaingia kupitia ekzosi, na kutu ikashika pale ringi zinapogusa ukuta wa silinda. Unaweza kuilegeza kwa kujaza mchanganyiko wa nusu oili ya giaboksi otomatiki na nusu asetoni juu ya pistoni, ukaiacha siku kadhaa ukiijaribu kidogo kidogo. Mara nyingi hukubali. Lakini kukubali si kupona: duara la kutu limekwishakula ukuta, na injini hiyo ikiwaka itatoa moshi wa bluu. Iliyojam ipigie hesabu ya kuchonga silinda, pistoni mpya na ringi mpya. Pistoni za saizi ya juu hupatikana kwa hatua za 0.25 mm, kwa kawaida hadi 1.00 mm. Kama silinda ilishachongwa mpaka mwisho, unanunua silinda nyingine au slivu mpya (bomba la ndani ya silinda).

Mwenye kipima kompresheni azungushe kwanza injini mara kadhaa iteme oili uliyoweka, la sivyo kipimo kitapanda kwa uongo. Zima swichi, fungua akseli yote, piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Pikipiki ndogo nyingi za stroki nne zenye afya husoma kati ya bar 9 na 12. Chini ya 7 kuna jambo. Ongeza tena 5 ml ya oili: kipimo kikiruka juu, ringi hazizibi, kikibaki palepale, ni valvu. Hata hivyo, kompresheni ndogo peke yake isikufukuze kwenye injini inayozunguka vizuri. Ringi zilizonata kwenye mifereji yake hulegea injini ikishapata joto mara mbili tatu.

Tangi na kabureta

Fungua kifuniko cha tangi unuse. Petroli iliyochacha ina harufu kali ya uchungu inayofanana na ya vanishi, na rangi yake imegeuka kahawia. Petroli huanza kuchoka ndani ya miezi michache tu. Yenye ethanoli hunyonya maji, na maji hayo hutulia chini ya tangi na kulila. Mulika ndani. Kutu nyepesi kama unga inatibika. Magamba yanayobanduka na vidoa vya giza kwenye mshono wa chini ni tangi la kubadilisha. Papasa chini kwa nje utafute rangi iliyovimba, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika mahali kwenye tangi la chuma, hapo pamezibwa kwa pasta.

Kutu nyepesi hutolewa kwa siki ya kawaida. Fungua koki na geji ya mafuta, ziba matundu, jaza siki mpaka juu, acha siku moja hadi tatu, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, kisha kausha hapo hapo kwa hewa ya moto na upake oili nyepesi. Ukichelewa kukausha hata saa chache, kutu mpya ya rangi ya chungwa inarudi.

Kabureta ndiyo mgonjwa wa kwanza wa kila pikipiki iliyopaki. Petroli ikikauka kwenye bakuli lake huacha gundi ya kijani au kahawia, na tundu la jeti ndogo (kipande kinachopimia petroli) kwenye pikipiki nyingi ni la takribani 0.4 mm tu. Halihitaji uchafu mwingi kuziba. Ndiyo maana utaona pikipiki inawaka kwa choki na kufa ukiirudisha: jeti hiyo imeziba. Ifungue kabisa, iloweke kwenye dawa ya kabureta bila mipira yake, pulizia hewa kila njia uione inatokea upande wa pili. Tundu likigoma, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma wala kichimbio: ukiipanua jeti kidogo tu, mchanganyiko wa hewa na mafuta hautakaa sawa tena. Diaframu iangalie kwenye mwanga ukiivuta taratibu. Tundu dogo kama ncha ya pini linatosha kuifanya pikipiki isivute.

Angalia na sindano ya floti (boya la kwenye bakuli). Ikinata wazi, petroli hufurika na kwenye injini nyingine huingia silinda hadi kwenye oili. Basi chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili yenye harufu ya petroli na iliyopita kipimo cha juu imepoteza utelezi. Kuiwasha injini hiyo bila kubadilisha oili ni kuziua beringi za krenki.

Na kama oili ni nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji. Muuzaji akikubali, legeza nati ya kumwagia oili taratibu bila kuitoa. Maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Matone machache ni jasho la miaka. Yakitoka kama kikombe, maji yaliingia kwa njia nyingine: mafuriko, ekzosi iliyoachwa wazi kwenye mvua, au gasketi ya hedi kwa pikipiki yenye rejeta.

Mabovu yanayofichwa na polishi

Sukuma juu mipira ya vumbi ya shokapu za mbele, upitishe ukucha kwenye mirija. Vipele vya kutu vinavyokwaruza ukucha katika sehemu inayoingia na kutoka kwenye sili vitazichana sili mpya ndani ya muda mfupi. Mrija wa kubadilisha au kupigwa kromu upya ni ghali kuliko watu wanavyodhani, nami ningeshusha bei kwa sababu hii haraka kuliko kwa rangi iliyopauka.

Inua tairi la mbele lisiguse chini, zungusha usukani polepole. Ukishika katikati kama una mtego, beringi za usukani zimechimba vishimo.

Breki za diski hazina mjadala: zinafunguliwa zote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na kutengeneza ute mzito kama jeli, pistoni za kalipa zinaota kutu, mipira inavimba kwa ndani. Dalili inayowasumbua wengi ni breki inayoshika vizuri ila haiachii. Sababu huwa pistoni iliyonata, mpira uliovimba, au kile kitundu kidogo sana cha kurudishia mafuta kwenye masta silinda, ambacho huziba kabisa kwa jeli. Weka sili mpya na mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Usiweke DOT 5 ya silikoni mahali pake. Breki za ngoma ni rahisi zaidi, lakini gundi inayoshikilia brekishu huachia kwa kukaa, fungua uhakikishe.

Tairi linaonekana jipya? Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Namba ya tarakimu tatu ni ya kabla ya mwaka 2000. Lililopita miaka kumi halijadiliwi hata likiwa na meno yote, na lenye nyufa ubavuni linatoka hata kabla ya hapo.

Cheni: ivute kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka zaidi ya nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja.

Umeme usikuogopeshe wala usikudanganye. Betri hesabu kama haipo. Unganisha betri yako ya 12 V iliyochajiwa, ukiangalia chanya na hasi, ujaribu taa, honi, indiketa na cheche ya plagi. Usiunganishe na gari linalonguruma. Inua siti utafute waya zilizotafunwa na panya, na ufungue kasha la filta ya hewa, maana humo ndimo wanamozalia. Nyigu wa udongo nao hupenda ekzosi na vitundu vya kupumulia tangi.

Kwa pikipiki ya stroki mbili ongeza sili za krenki kwenye orodha. Zikikakamaa zinapitisha hewa, mchanganyiko unakosa petroli, na pistoni inaungua ukiwa barabarani. Kwa yenye injeksheni, washa swichi usikilize: pampu ndani ya tangi inapaswa kuvuma sekunde mbili au tatu kisha ikanyamaza. Kimya kinamaanisha pampu imeganda au haipati umeme, na pampu ina bei.

Hesabu ya bei

Andika vitu ambavyo utanunua bila ubishi hata pikipiki ikiwa na bahati: betri, tairi mbili na tyubu, plagi, filta, oili mara mbili, mafuta ya breki na sili zake, seti ya kabureta, mpira wa mafuta. Halafu andika ulivyoviona mwenyewe: cheni, sili za shokapu, pedi. Jumlisha na ufundi. Tafuta bei ya modeli hiyo hiyo, mwaka huo huo, inayotembea na yenye karatasi. Toa jumla yako, kisha toa tena angalau robo ya jumla hiyo kwa yale ambayo hukuyaona. Kinachobaki ndicho kikomo chako. Kikiwa chini ya sifuri, na hutokea mara nyingi, nunua ile inayotembea.

Kuiwasha mara ya kwanza

1. Mwaga petroli yote na oili yote. Weka filta mpya na oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi inaoga humo. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano huifanya iteleze. Pikipiki za 125 hadi 150 cc nyingi huchukua takribani lita 1, ila fuata kipimo.

2. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Ndogo nyingi ziko kati ya 0.05 na 0.12 mm, namba halisi iko kwenye kitabu cha modeli yako.

3. Plagi ikiwa nje, swichi imezimwa, weka tena 5 ml ya oili kila silinda, upige kiki taratibu mara 20 hivi ili oili ipande mpaka juu. Yenye stata peke yake lazima swichi iwashwe: chomeka plagi kwenye kofia yake, uigusishe chuma cha injini mbali na tundu. Isipogusa chuma, CDI inaweza kuungua. Ikiwa karibu na tundu, mvuke wa petroli unaweza kushika moto.

4. Usitegemee tangi la zamani siku hiyo. Ning'iniza chupa ndogo yenye petroli mpya, nusu lita, na mpira mpya. Kizima moto kiwe karibu, na pikipiki iwe nje.

5. Rudisha plagi mpya, washa. Moshi mweupe au wa bluu kwa dakika tano hadi kumi ni oili uliyoweka. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, ni ringi au sili za valvu. Mlio wa kugonga unaoongezeka ukigusa akseli, zima mara moja.

6. Ikiwa inanguruma kwa utulivu, pima betri kwa mwendo wa kati wa injini: 13.5 hadi 14.8 V ni chaji nzuri. Chini ya 13 haichaji. Juu ya 15 regyuleta (kidhibiti chaji) imekufa na itachemsha betri mpya.

7. Jaribu klachi ukiwa bado kwenye stendi. Ukiikamata na tairi bado linazunguka kwa nguvu, sahani zake zimegandana. Ipashe joto, izime, weka gia ya tatu, ishushe chini, kamata klachi na uisukume mbele na nyuma. Nyingi huachia bila kufunguliwa.

Usiipande barabarani kabla breki na tairi hazijakamilika, hata mpaka kona ya karibu. Kilomita 100 za kwanza zipite kwa mwendo mdogo, na kila ukirudi kagua chini: sili za shafti ya gia na gasketi zilizokauka huanza kuvuja baada ya joto la pili au la tatu. Kaza spoki, kagua nati za injini, kisha mwaga oili ile ya kwanza. Itatoka nyeusi, na chembe ndogo za kutu zitaonekana kwenye kitambaa cheupe. Ukiona vipande vinavyong'aa vya shaba au bati, fungua injini kabla hujaweka oili ya pili.